Miswala ya kale ya Kituruki: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

## Mambo ya msingi

Mswala wa kale wa Kituruki ni upi hasa?

Ni zulia dogo la mafundo lililofumwa kwa mkono huko Anatolia, sehemu ya Uturuki iliyo upande wa Asia, na katikati yake pamechorwa mihrabu, yaani tao la kuelekea kibla. Waturuki huliita *seccade* au *namazlık*. Mingi ina upana wa sentimita 110 hadi 130 na urefu wa 160 hadi 190, nafasi inayomtosha mtu mmoja kusimama, kurukuu na kusujudu.

Kwa wafanyabiashara, zulia huitwa la kale likifikisha miaka 100. Wanaoipenda miswala hii kwa dhati huwa wakali zaidi: wanatafuta iliyofumwa kabla rangi za viwandani hazijaingia vijijini, yaani kabla ya miaka ya 1870. Majibu ya ukurasa huu yanahusu hasa miswala ya karne ya 16 hadi ya 19.

Nina mswala niliorudi nao kutoka Hijja, na lebo yake inasema umetengenezwa Uturuki. Ndio huu?

Karibu kila mara jibu ni hapana. Ile miswala laini inayouzwa Makka, Madina na kwenye maduka yetu hutengenezwa kwa mashine, na mji wa Gaziantep ni miongoni mwa vituo vikubwa vya kazi hiyo. Hakuna ubaya kuuswalia, lakini si kitu cha kale.

Kuhakikisha ni rahisi: pindua. Kwenye zulia la mkono mchoro unaonekana nyuma karibu wazi kama mbele, fundo moja moja, na safu hazikunyooka kwa rula. Kisha vuta tamvua kidogo. Katika zulia la mkono, tamvua ni ncha za nyuzi za mtande zenyewe (zile za urefu, zinazobeba mafundo), zinatoka ndani ya zulia. Zikiwa zimeshonewa pembeni, maswali yanaishia hapo.

Mafundo hufungwaje?

Nyuzi za mtande husimamishwa wima kwenye mtambo wa mbao. Mfumaji huchukua uzi mfupi wa sufu yenye rangi, akauzungusha kwenye nyuzi mbili za mtande zilizo jirani, ncha zote mbili zikatokea katikati yake. Anavuta chini, anakata kwa kisu, anakwenda kwenye jozi inayofuata. Safu ikiisha anapitisha mshindio, yaani uzi wa upana, kwa kawaida mara mbili au zaidi, halafu anaugonga kwa chanuo zito liitwalo *kirkit* mpaka safu ishikane na iliyotangulia. Manyoya husawazishwa kwa mkasi.

Fundo hili linalokumbatia nyuzi zote mbili kwa usawa ndilo fundo la Kituruki. Wafanyabiashara wamelipatia jina la mji wa Gördes. La Kiajemi huzunguka uzi mmoja na kupita tu nyuma ya wa pili. Msidhani mpaka wa nchi unayatenganisha, maana Tabriz iko Iran na hufunga fundo la Kituruki.

Miswala ya vijijini huwa na mafundo kama 10 hadi 25 kwa sentimita moja ya mraba. Mswala wa sentimita 120 kwa 170 wenye mafundo 15 tu unapita mafundo 300,000, na kila moja limefungwa kwa vidole.

Nani alikuwa anafuma?

Vijijini na katika miji midogo, wanawake, ndani ya nyumba zao. Binti alijifunza kwa mama na shangazi, na zulia lake liliingia katika vitu vya harusi. Karakana za kasri la sultani zilikuwa za wanaume: mwaka 1585 Sultani Murad III aliagiza mafundi 11 wa mazulia wapelekwe Istanbul kutoka Kairo pamoja na sufu yao. Wakristo wa Anatolia, Waarmenia na Wagiriki, nao walifuma, na baadhi ya miswala mizuri kabisa ya hariri ya Istanbul ni kazi ya Waarmenia (tazama swali la Hereke na Kumkapı).

Kwa nini manyoya ya mswala wangu yanaelekea kwenye ncha ya mihrabu?

Kwa sababu ulifumwa kichwa chini. Manyoya siku zote hulala kuelekea pale mfumaji alipoanzia. Miswala mingi ya Anatolia ilianzwa kwa ncha ya mihrabu, na hilo si kosa. Umbo gumu la tao lilipatikana mwanzoni kwa vipimo kamili, na zulia likielekea kuwa refu mno au fupi mno, marekebisho yalifanyika upande wa miguu.

## Michoro

Kila alama ina maana gani?

Hili ndilo swali linaloulizwa kuliko yote, na ndilo linalojibiwa ovyo kuliko yote. Yapo machache yenye msingi. Kandili inayoning'inia kwenye tao inakwenda sambamba na Aya ya Nuru (24:35), inayotaja taa ndani ya shubaka, na kandili kama hizo zilitundikwa kweli misikitini. Birika ni la udhu. Nguzo ni za mihrabu.

Baada ya hapo, kuwa mwangalifu na muuzaji anayekusomea zulia kama barua: "hili ni jicho la husuda, hii ni mimba, huu ni mti wa uhai." Mfumaji alirithi umbo kutoka zulia la jirani, naye jirani kalitoa kwenye zulia la msikitini, na kila mkono ukageuza kidogo. Umbo linaweza kuishi miaka 200 baada ya kila mtu kusahau lilianza kama nini. Mimi naona uzuri wake uko hapo hapo, na haupungui kwa kukosa kamusi.

Mbona nguzo za mswala wangu hazijasimama juu ya kitu chochote?

Hapa ndipo unapoiona historia yote ya michoro hii ikitembea.

Anzia juu, kwenye kasri. Jumba la makumbusho la Metropolitan, New York, lina mswala wa kasri la Uthmania wa robo ya mwisho ya karne ya 16, uliotolewa na mkusanyaji James F. Ballard mwaka 1922. Una matao matatu yaliyobebwa na jozi za nguzo nyembamba, kandili katikati, maua chini, na juu ya matao safu ya vikuba vidogo. Ni jengo kamili. Kila nguzo ina kitako na kichwa, na unaweza kuhisi kwamba ungeweza kupita kati yake.

Mfumaji wa mjini aliyeuona mchoro wa aina hiyo hakuwa na karatasi ya mchoraji wa sultani. Alikuwa na sufu nene, mafundo machache na macho yake. Mafundo machache hayawezi kuchora mzingo laini, kwa hiyo tao likawa ngazi. Ukifika kwenye miswala ya mji wa Ladik ya karne ya 18, mara nyingi nguzo zimekwisha kutoweka, lakini vilele vitatu vya matao vimebaki, cha kati kikiwa kirefu kuliko vya pembeni. Gördes walifanya kinyume: walibaki na tao moja na nguzo mbili, ila nguzo zimesinyaa kuwa vipande viwili vya mapambo vinavyoning'inia bila kugusa juu wala chini. Katika mji wa Kula, nguzo zikageuka mistari ya maua. Na kandili ikawa shada la maua, au birika lililoinamishwa kichwa chini.

Wako wanaoita mabadiliko haya kuporomoka kwa sanaa. Sikubaliani nao hata kidogo. Weka mswala wa Ladik kando ya ule wa kasri, utazame rangi nyekundu yake, ile buluu, ile nafasi tupu ya katikati. Huyo mfumaji alikuwa anajenga kitu kingine, na amekijenga.

Chini ya uwanja (sehemu ya katikati ya mswala) pindo limeingia ndani kama tundu la ufunguo. Ni nini?

Huo ni mtindo wa zamani sana, wa karne ya 15 na 16, na kama ni wa kweli umebahatika mno. Wataalamu huuita "Bellini", kwa sababu mchoraji wa Venice Gentile Bellini alichora zulia la aina hiyo miguuni pa Bikira Maria. Picha hiyo iko National Gallery, London. Bellini alifika Istanbul mwaka 1479 kwa Sultani Mehmed II, ingawa mazulia yenyewe yalikuwa yakifika Venice kwa biashara. Wengine wanasema umbo hilo ni birika la kutawadhia, wengine mlango. Hakuna aliyemaliza ubishi.

Je, kuna mswala wa watu wengi?

Upo, unaitwa *saf*: zulia refu lenye mihrabu kadhaa zilizopangwa bega kwa bega, kila mwenye kuswali na yake. Msikiti wa Selimiye, Edirne, ulikuwa na saf kubwa za mji wa Uşak za karne ya 16, ambazo sasa zimehifadhiwa katika Jumba la Makumbusho ya Sanaa za Kituruki na Kiislamu, Istanbul.

Mswala wangu una vijumba vidogo na miti. Wanasema ni wa makaburini, kweli?

Huo ni mtindo wa Kula, na Kituruki chake ni *mezarlıklı*, wa makaburi. Vijumba husomwa kuwa makaburi yaliyojengewa na miti kuwa miberoshi, ambayo kweli hupandwa makaburini Uturuki. Jina limeshika sokoni. Lisiwe sababu ya kuongezewa bei.

## Miji na mitindo

Nitajuaje mswala umetoka mji gani?

Mchoro hukupa dhana ya kwanza, lakini shahidi ni mgongo. Michoro ilisafiri na kuigwa; aina ya sufu, rangi ya mshindio na namna nyuzi za mtande zinavyokaa ni mazoea ya mikono, na mazoea hayo hayaigwi kirahisi.

Gördes, katika mkoa wa Manisa, ina tao lenye mabega ya juu, uwanja wa rangi moja, na paneli ya mstatili juu na nyingine chini. Tazama sehemu nyeupe kwa karibu: mara nyingi ni pamba, siyo sufu, na imebaki nyeupe kali wakati sufu inayoizunguka imeshakuwa rangi ya maziwa. Kula, jirani yake, hupenda mapindo membamba mengi yanayofuatana, na rangi zake ni tulivu zaidi.

Ladik iko kaskazini mwa Konya. Ukiona safu ya tulipu zenye mashina marefu zimesimama chini au juu ya uwanja, jibu ni karibu hilo. Ladik pia ndiyo inayotupatia miswala mingi yenye tarehe. Milas, karibu na pwani ya Aegean, hubana kichwa cha mihrabu kwa pande zote mbili, ikaonekana kama almasi juu ya uwanja mwekundu wa matofali. Mucur ni ngazi na mapindo ya rangi nyingi. Bergama ni miraba na pembe.

Na Hereke na Kumkapı?

Hizo ni hadithi ya baadaye. Hereke ilikuwa kiwanda cha kasri, na mazulia yalianza kufumwa hapo mwaka 1891 chini ya Sultani Abdülhamid II. Hariri yake hufika mafundo 100 kwa sentimita ya mraba. Kumkapı ni mtaa wa Istanbul ambako mafundi wa Kiarmenia, Zareh Penyamin akiwa mashuhuri kati yao, walifuma miswala ya hariri na nyuzi za metali kwa kufuata mifano ya Iran ya zamani za Wasafawi, ukoo wa wafalme wa huko. Ni ufundi wa kustaajabisha. Ila usiichanganye na ya vijijini. Hata bei zake zinaenda njia nyingine.

## Safari ya kwenda Ulaya

Kwa nini miswala mingi ya kale iko makanisani Romania?

Wageni hushangaa, lakini sababu zake zinaeleweka. Transylvania, sehemu ya Romania ya leo, ilikuwa nchi iliyolipa kodi kwa Dola ya Uthmania, dola ya masultani wa Istanbul, na njia za biashara za mazulia zilipita miji ya Wajerumani wa huko, kama Braşov na Sibiu. Katikati ya karne ya 16 Wajerumani hao wakawa Walutheri. Sanamu na picha nyingi za watakatifu zikaondolewa, kuta zikabaki tupu. Zulia la Anatolia lilikuwa ghali, zuri, na halikuwa na sura ya mtu. Matajiri na vyama vya mafundi wakayatoa kama zawadi, yakatundikwa juu ya viti vya waumini.

Kanisa Jeusi la Braşov peke yake lina zaidi ya 100, mengi ya karne ya 17. Na yalitundikwa, hayakukanyagwa. Ndiyo maana mkusanyiko huo una manyoya na rangi ambazo ni nadra kuzikuta kwenye miswala iliyotumika misikitini. Yeyote anayetaka kujua mswala wa Anatolia ulikuwa na rangi gani ulipotoka mtamboni, aende Braşov.

Waislamu hawakuona vibaya mihrabu kuuzwa kwa Wakristo?

Waliona. Mwaka 1610, wakati wa Sultani Ahmed I, ilipelekwa amri Kütahya, mji wa Anatolia, kwamba mazulia yenye mihrabu, Kaaba au maandishi yasiuzwe kwa wasio Waislamu. Amri hukataza jambo linalotendeka, kwa hiyo nayo ni ushahidi kwamba biashara ilikuwepo. Wapo wanaodhani kuwa mazulia yenye mihrabu mbili zinazotazamana, moja juu na moja chini, yalishamiri baada ya hapo kwa sababu hayana tena mwelekeo wa kibla. Dhana yenyewe inavutia. Bado ni dhana.

## Umri, rangi na udanganyifu

Rangi za asili zilitoka wapi, na nitazitofautishaje na za viwandani?

Nyekundu ilitoka kwenye mizizi ya mmea ambao Waturuki huuita *kök boya*, sufu ikiwa imelowekwa kwanza kwenye shabu ili rangi ishike. Buluu ni nili. Manjano ilitokana na majani na maua ya porini, na kijani ni manjano iliyochovywa kwenye nili. Kahawia nyeusi ilipatikana kwa chuma, na chuma hula sufu: pitisha kidole juu ya mswala wa zamani utahisi mistari ya kahawia imezama, huku maua yaliyozungukwa nayo yamebaki yameinuka.

Rangi ya kwanza ya kutengenezwa maabara ilipatikana mwaka 1856, na baada ya 1870 zikaenea Anatolia. Fungua manyoya kwa vidole hadi kwenye fundo. Rangi ya asili iliyopigwa na jua hufifia taratibu kutoka ncha hadi shina. Zile za viwandani za mwanzo mara nyingi zimekufa nchani, kijivu au rangi ya mchanga, na ukifika shinani unakuta zambarau au pinki inayowaka.

Kuwa na rangi za asili hakumaanishi kuwa zulia ni la kale. Tangu 1981 mradi wa DOBAG, ulioanza Ayvacık, umezirudisha rangi hizo vijijini, na kazi yake ni nzuri sana.

Mswala una tarehe iliyofumwa. Niiamini?

Isome kwanza. Huwa ni ya Hijria: punguza asilimia tatu, kisha ongeza 622. Mwaka 1210 unakuwa takriban 1795.

Kisha tazama tarakimu kwa karibu sana, hasa ya pili kutoka kushoto. Tarakimu za Kiarabu za 3 (٣) na 2 (٢) zinatofautiana kwa jino moja. Mlaghai anahitaji sindano na dakika chache tu: anang'oa mafundo machache, anaweka sufu ya rangi ya uwanja, na 1311 inakuwa 1211. Zulia limeongezewa miaka karibu 97. Pindua na utafute pale ambapo mafundo yamebana au kulegea tofauti na jirani zake. Kumbuka pia kwamba mfumaji asiyejua kusoma aliweza kunakili tarehe ya zulia la zamani pamoja na maua yake, na hilo si udanganyifu.

Miswala bandia ni mingi?

Ndiyo, na mingine ni ya kale sasa. Mwanzoni mwa karne ya 20 karakana za Bandırma na Kayseri zilinakili Gördes na kuosha mazulia kwa kemikali yaonekane yamechakaa. Bingwa wa kughushi alikuwa Mromania, Teodor Tuduc, ambaye mazulia yake yaliingia hadi kwenye majumba makubwa ya makumbusho.

Dalili za kutafuta: uchakavu uliosambaa sawasawa kila mahali (miguu na paji la uso hazichakazi hivyo), harufu ya klorini, mgongo uliounguzwa kuondoa vinyweleo, na rangi ya kalamu iliyopakwa juu ya mtande uliobaki uchi. Kitambaa cheupe chenye maji kidogo hufichua hilo la mwisho.

## Kuwa nao

Naweza kuuswalia?

Ukiwa twahara, unaswalika. Ila mswala wa karne ya 18 kuukanyaga mara tano kwa siku ni kuumaliza. Na kama michoro inakushughulisha, ipo hadithi ya Mtume (S.A.W.) aliyeivua nguo yenye mapambo baada ya kuswali nayo, kwa kuwa ilimshughulisha. Mkeka wako wa ukindu unatosha kwa swala, huu utundike.

Nautunzaje kwenye joto la pwani?

Adui watatu: nondo, ukungu na jua. Usiuache sehemu moja miezi mingi bila kuupindua, kwa sababu nondo hutaga gizani, chini ya kabati na kitanda. Ukiuhifadhi, uviringishe kwenye bomba na kuufunga kwa shuka la pamba. Usiukunje, wala usiutie kwenye mfuko wa plastiki, maana kwa unyevu wa Mombasa au Unguja ukungu utaanza humo. Ukitaka kuutundika, shonea mfuko wa kitambaa nyuma, upande wa juu, upitishe ufito. Misumari hapana.

Usiupige kwa fimbo. Mashine ya kufyonza vumbi, nguvu ndogo, kufuata ulalo wa manyoya.

Nimpe dobi aufue?

Hapana, mpaka kila rangi ijaribiwe kwa kitambaa cheupe chenye unyevu. Nyekundu moja ikichuja kwenye nyeupe ya Gördes, hairudi. Sabuni ya unga na jiki ni marufuku.

Nikiununua Uturuki nitaruhusiwa kutoka nao?

Sheria Na. 2863 ya 1983 inalinda vitu vya kale, na zulia la zamani linahitaji hati ya jumba la makumbusho inayoruhusu litoke. Hati iombwe na muuzaji kabla hujalipa. Akikuambia "weka tu kwenye sanduku", tafuta duka lingine.

Nilichorithi ni kipande tu, nusu ya mihrabu na pindo moja. Kina thamani?

Kinaweza kuwa nayo, na wakati mwingine kuzidi zulia zima la baadaye. Majumba makubwa ya makumbusho huonyesha vipande, na sehemu kubwa ya tunachokijua kuhusu mazulia ya karne ya 13 kilitoka kwenye mabaki yaliyokutwa katika Msikiti wa Alaeddin, Konya. Usikikate kingo ili kinyooke, usikishonee kwenye fremu, na usimruhusu mtu akikamilishe kwa sufu mpya. Kipige picha mbele na nyuma, uweke rula kando ili mafundo yahesabike, na picha ya mgongo ndiyo uitume kwanza kwa mtaalamu.